Kifuniko cha Birika

Kila nikisikia harufu ya chai ya tangawizi, nakumbuka kifuniko. Shule mimi niliiacha mapema, na nyumba za kupanga hapa Mutuini nimezijenga kwa jasho langu. Hakuna kinachonishinda. Lakini swali moja la utotoni lilinishinda miaka mingi.

Siku ile bomu lilipolipuka mjini, shangazi yangu, aliyekuwa akipika chai kwenye ofisi iliyokuwa karibu na hapo, alifika kwetu jioni kwa miguu, mweupe kwa vumbi. Mkononi alikuwa ameshika kifuniko cha birika.

"Anti, birika yenyewe iko wapi?"

"Nyamaza wewe, mdomo kama redio!" mama akanikaripia.

Kesho yake nikauliza tena. Shangazi akasukuma kando kikombe cha chai alichopewa. Na tangu hapo hakuonja chai. Alikunywa uji tu.

Majuzi nikampeleka kwenye bustani ya ukumbusho. Nikamsomea majina ya marehemu ukutani polepole, maana hata mimi kusoma nabahatisha. Akawa ananikatiza.

"Huyo hakutaka sukari. Huyo naye, ikipoa kidogo tu, kelele!"

"Siku hiyo walikunywa?"

"Niliwamiminia. Tukasikia mlio wa kwanza huko nje, wakaacha vikombe, wakakimbilia dirishani waone ni nini. Ndipo likaja lile bomu kubwa, na vioo vyote vikawarukia."

"Na wewe, Anti? Hukutaka kuona?"

"Nilitaka sana. Lakini nilisimama kwanza nifunike birika, wasije wakarudi wakute imepoa."