Baba Alipoacha Gongo

Miaka ile rafu za maduka ya Musoma zilipokuwa tupu, tulikosa sukari, sabuni na mafuta ya taa, lakini gongo haikukosekana hata siku moja. Laiti ugavi wa sabuni ungeachiwa wapika gongo wa kwetu Nyegina, tungeoga mpaka tuchubuke. Baadaye biashara zikafunguliwa, bia za chupa zikajaa, na baba, ambaye hakuwa mtu wa ubaguzi, akanywa bia na gongo vilevile.

Kisha macho yake yakawa ya manjano, miguu ikavimba, tumbo likajaa maji. Daktari mmoja wa Musoma akasema ini limeharibika, pombe basi. Baba akaacha siku ileile, kwa sababu posa yangu ilikuwa imeletwa na alitaka kuniona nikiolewa. Mimi nilifurahi. Baba zangu wadogo walinuna kana kwamba wamefiwa.

"Kaka alikuwaga mzima akinywa," alisema mmoja wao, bingwa wetu wa magonjwa yote. "Ameacha tu, ona tumbo."

Hoja ikapita bila kupingwa, kama zilivyopita hoja nyingi za vikao vya enzi zile.

Daktari alikuwa amenieleza na jambo la pili, maana mimi ndiye niliyempeleka baba kliniki. Ini likichoka namna ile, alisema, moyo nao hubadilika. "Huu wa baba yako unapiga haraka na kwa nguvu hata akiwa amekaa. Usikudanganye. Ukiongezewa kazi, hauna nguvu nyingine ya kutoa."

Nikayafikisha nyumbani maneno hayo yote. Baba zangu wadogo walisikia moja tu: nguvu. Wakampapasa kifua kwa zamu, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Moyo wa dume, wakasema.

Ng'ombe wa mahari walikuwa Bunda, kwa wakwe. Kwa desturi yetu baba wa binti huingia zizini mwenyewe na kumgusa kwa fimbo kila ng'ombe anayemkubali. Niliuliza kama ndugu anaweza kumshikia fimbo. Nikajibiwa kwamba anaweza, baba akishakufa.

Basi nikafuatana naye, niwe nambebea maji ya kunywa. Wakwe walikuwa wameandaa mtungi wa pombe na mirija mirefu, na baba zangu wadogo wakauzunguka upesi kuliko walivyowahi kumzunguka mgonjwa. Baba alipita pembeni, akaingia zizini. Mimi nikabaki nje ya uzio, maana binti haingii ng'ombe wake wakichaguliwa.

Aligusa mmoja, akapumzika, akagusa mwingine. Mtamba mmoja mwekundu akamkwepa. Baba alikuwa amempenda, nilimwona usoni, akamfuata kwa haraka hatua chache na kumgusa mgongoni. Kisha akashika fito za uzio, mdomo wazi, akitafuta pumzi.

Baba mdogo bingwa alikimbia, sikatai. Alikimbilia kwenye mtungi, akarudi na kibuyu. "Kaka, nywa kidogo, moyo ushike."

Baba akafumba mdomo, akageuza uso upande wangu. Nikaruka uzio. Wakapiga kelele kwamba naharibu ng'ombe. Nikamkalisha palepale kwenye samadi na kumwegemeza kifuani kwangu. Moyo wake ulikimbia chini ya kiganja changu na sikuwa na la kuufanya.

"Mama," aliniambia, kama alivyozoea kuniita, "yule mwekundu mzuri. Sijanywa."

"Nimeona, baba."

Tulipata pikapu ya kumkimbiza Musoma. Alikata roho kabla ya Kiabakari, kichwa chake mapajani mwangu, na hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo hata leo.

Msibani baba zangu wadogo walimweleza kila aliyefika kwamba kaka yao ameuawa na kuacha pombe. Wageni waliguna kwa heshima. Jeneza liliposhushwa, bingwa akaja na mrija wa baba wa zamani, azikwe nao, huko aendako asipate kiu. Nikaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikauvunja gotini mbele ya watu. Kaburini nikamtilia ile fimbo.