Ukoko Kwenye Wimbo wa Kiarabu

Chang'ombe, ukitaka bibi harusi apendeze mikono, unamwita Bi Mwajabu. Anakuja na koni zake za hina na kispika kidogo chekundu. Kwenye mkeka wake wanaimba Waarabu tu, wale wa Misri na Lebanoni wanaolia na mapenzi mpaka vinanda navyo vinalia. Anawajua wote kwa sauti: huyu kaachana na mumewe, yule karudiana na wake. Kiarabu chenyewe sasa? Habibi, basi.

Kuna wimbo mmoja anauwekaga akifika kidole cha mwisho. Marehemu mumewe, Twalib, fundi wa kuchomelea mageti, ndiye aliyemletea kanda yake enzi za uchumba, akamtafsiria mstari kwa mstari. Bila wimbo ule, Bi Mwajabu anaamini, hina haikolei na ndoa haikolei.

Sasa zamu ikawa ya Nusaiba, binti aliyerudi juzijuzi kutoka Maskat alikokuwa akifanya kazi. Kidole cha mwisho, wimbo ukalia, bibi harusi akaangua kicheko.

"Tulia, mwanangu, utaniharibia ua!"

"Bi Mwajabu, kwani unajua huyu anasema nini?"

"Najua sana. Anasema, nikitoka kazini nanuka moshi, usinifungie mlango. Nikichelewa, nibakizie ukoko."

Salma, dada wa Nusaiba, akajitupa kitandani kwa kucheka. "Ukoko! Mwarabu na ukoko wapi na wapi?"

Koni ikasimama hewani. Hivi kweli, miaka yote ile, mbona hakuwahi kujiuliza? Mwimbaji tajiri vile, moshi wa kazi gani? Akatamani kujua, na hapohapo akaogopa. Maneno yale ndiyo aliyoolewa nayo, ndiyo aliyobaki nayo Twalib alipozikwa. Kama hayamo, alipewa nini?

"Haya, niambie. Anasemaje?"

Nusaiba akasikiliza kwa makini, mikono kainyoosha isiguse kitu. "Anasema mpenzi wake kamkimbia. Hata akirudi, hamtaki tena."

"Ndo maana mie niliachika!" Salma akaruka. "Si ulinipigia huuhuu!"

"Wewe uliachika kwa mdomo wako." Lakini Bi Mwajabu hakucheka. "Moshi haumo?"

"Haumo, Bi."

"Mlango?"

"Haumo."

"Hata ukoko?"

Nusaiba akatikisa kichwa taratibu.

Bi Mwajabu akamwona tena Twalib pale karakana, kanda inazunguka, yeye anatafsiri huku kainama na jasho linamtoka. Kumbe! Alidhani ni ugumu wa Kiarabu. Na Kiarabu chenyewe Twalib alikuwa nacho cha kusalia tu.

"Mwoga yule!" akasema, machozi yanamlengalenga na meno yako nje. "Kunitazama usoni aniambie nakupenda, hakuweza hata siku moja. Kumbe yale yote alikuwa ananiambia yeye mwenyewe."

"Tuzime basi?" Nusaiba akauliza. "Mie naolewa kesho, nisije nikakimbiwa."

"Tusizime. Vinanda vyake vizuri." Akapunguza sauti mpaka yule Mwarabu akabaki ananong'ona. "Lete kidole."

Akachora, na juu ya vinanda akaimba mwenyewe, kwa Kiswahili, akaanzia kwenye moshi. Alipofika kwenye mlango Salma alikuwa keshashuka kitandani, kaketi mkekani. Alipofika kwenye ukoko, bibi harusi akaitikia.