Mke Aliyewajua Wauaji Wote

Mumewe alimbandika jina la Ukuta, na jina likamkaa. Hakuwa mnene wala mkali. Ukuta ulikuwa usoni.

Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Katika chumba cha nyuma ya maktaba alifumua vitabu vilivyochakaa, akashona kurasa upya kwa uzi uliopakwa nta, akapaka gundi mgongoni na kuvibana baina ya mbao mbili. Gundi haina haraka na mtu. Wakati wenzake wakipiga soga kuisubiri ikauke, yeye alisoma. Ndivyo alivyokutana, akiwa bado msichana, na hadithi za kachero mwenye kigugumizi, za enzi za farasi na taa za mafuta. Wasomaji walizipenda hadi wakazirarua, naye alizishona zote na kuzisoma zote, nyingine mara mbili, kwa kuwa zilirudi zimeraruliwa tena. Mungu awape heri waliozirarua.

Miaka mingi baadaye, televisheni ikazileta hadithi zilezile katika zama zetu. Kachero ni yuleyule na kigugumizi chake, ila sasa anapanda teksi, na simu yake haiishi kumzimikia. Jumapili ya kwanza Ukuta aliketi amenuna, tayari kuwasuta waliothubutu kugusa mali yake. Kumbe! Katika kitabu mwizi aliumbuliwa na tope lililobaki kwenye tandiko la farasi. Kwenye televisheni, aliumbuliwa na simu iliyojiunga yenyewe na intaneti ya nyumba aliyoapa hajawahi kuikanyaga. Ukuta alipiga paja. "Wameweza," alisema. "Jamani, wameweza kweli!" Tangu siku hiyo Jumapili alasiri hapokei mgeni, haendi kwa mtu, na asiyeelewa shauri yake.

Mumewe, fundi wa majokofu, hakuwa na subira ya kusoma hata maelezo ya dawa. Lakini kubahatisha alikupenda mno. Kachero alipowakusanya watuhumiwa sebuleni, Fundi alinyakua rimoti, akasimamisha picha, akageuza kiti chake. Watuhumiwa hakuwa na haja nao. Alimwangalia mkewe.

"Mpwa?" aliuliza polepole, akimchungulia kope. "Mpishi? Au huyu mjane anayelia bila machozi?"

Mkewe anajua muuaji, hilo halikuwa siri. Kazi ilikuwa kumnasa uso ukicheza. Uso haukucheza. Fundi alitaja watu, akarudia, akasogea karibu hadi pua zikakaribia kugusana, mwishowe akaropoka jina lolote na kukosea. Aliyekosea alipika chai wiki nzima, na katika nyumba ile mwanamume ndiye aliyepika chai.

"Wewe si mke," alilalamika mbele ya birika. "Wewe ni ukuta."

Kisha Fundi akaanza kukonda. Wakaenda hospitali, yeye, mkewe na mdogo wake. Wakati Fundi akivaa shati nyuma ya pazia, daktari aliwaita hao wawili ofisini akafunga mlango. Ni saratani ya ini, na imeshasambaa. Dawa ya kuponya haipo, kuna ya kutuliza maumivu tu. Amebakiza miezi. Daktari alitaka kumwambia mgonjwa mwenyewe, lakini shemeji alimsihi.

"Akijua atakata tamaa, namjua kaka yangu," alisema. "Tumwambie ni vidonda vya tumbo. Au vipi, shemeji?"

Ukuta hakusema ndiyo wala hapana. Alitoka akamkuta mumewe koridoni anafunga vifungo vya shati, akamvalia ule uso wa Jumapili.

Tangu hapo hakusikia kitu. Si kwamba alijikaza, la. Alitafuta uchungu ndani yake asiuone, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Sindano ilimchoma kidole karakanani akaja kuona damu imeshaingia kwenye karatasi. Chakula alitafuna kwa sababu kilikuwa mdomoni. Alijiona mwanamke mbaya, na hata hilo halikumuuma. Kilichobaki ni tamthilia, na hiyo pia aliitazama kwa mazoea tu.

Jumapili moja ikaja hadithi aliyoijua kuliko zote, ya tajiri aliyekutwa amekufa katika chumba kilichofungwa kwa ndani. Muuaji ni wakili. Ukuta alikwisha kukishona kitabu hicho mara tatu, hakuna wa kumdanganya. Fundi, shingo imebaki kama ya kuku, alisimamisha picha akageuza kiti.

"Binti wa marehemu? Daktari? Wakili?"

Uso kimya.

"Haya, binti," akasema Fundi, akaachia picha.

Kachero alipita mbele ya binti. Akapita mbele ya wakili. Akasimama mbele ya karani wake mwenyewe, yule kijana mpole aliyembebea mkoba miaka yote ya tamthilia, akamwambia kwa kigugumizi kuwa ufunguo wa pili alikuwa nao yeye.

"Haiwezekani!" Ukuta aliruka, chai ikamwagika kwenye gauni. "Karani? Karani gani? Wamebadilisha! Wametubadilishia hadithi hawa!"

Fundi alibonyeza rimoti. Kachero akabaki mdomo wazi. Ukuta aligeuka akidhani mumewe atacheka, maana ndiyo siku aliyoisubiri maisha yake yote. Hakuwa anacheka.

"Kumbe ndivyo unavyokuwa usipojua," alisema. "Macho hivi, mdomo hivi. Sijawahi kukuona."

"Wamebadilisha, Fundi."

"Nimeona. Sasa keti nikuulize. Ule uso mwingine unauvaa ukiwa unajua mwisho. Sivyo? Mbona tangu tutoke hospitali hujauvua? Unaosha vyombo nao. Unalala nao."

"Ni vidonda vya tumbo. Uliambiwa."

"Ingekuwa vidonda vya tumbo, mke wangu, ungenigombeza kila nikigusa pilipili. Mwaka ule mdogo wangu alipokuwa navyo ulimnyang'anya sahani mbele ya wageni. Juzi mimi nimejimwagia pilipili makusudi, sahani ikawa nyekundu, nikuone. Ulifanya nini?"

Ukuta alikumbuka. Alikuwa amemsogezea chupa.

"Niambie," alisema Fundi.

Akamwambia. Alitumia maneno ya daktari, moja baada ya jingine, kwa kuwa maneno yake mwenyewe hakuwa nayo. Ini. Imesambaa. Miezi. Sauti yake ilitoka kavu, kama anasoma nyuma ya jalada. Fundi alisikiliza huku akifuta rimoti kwa ncha ya shati.

"Nani mwingine anajua?"

"Mdogo wako. Yeye ndiye aliyesema usiambiwe. Mimi nikanyamaza."

"Nimekasirika," alisema Fundi, wala hakupaza sauti. "Nawakasirikia nyote wawili. Na ninaogopa."

Ukuta aliitika kwa kichwa. Hakusikia kitu bado, akaona aibu.

Nje lango likalia. Ni mdogo mtu, aliyezoea kuja Jumapili baada ya kipindi na mfuko wa machungwa na kicheko cha kujilazimisha ambacho kingeamsha mtaa. Fundi alimshika mkewe mkono.

"Asijue kwamba najua. Yule ataanguka hapo mlangoni, tuanze kumuuguza yeye. Nifundishe ule uso."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, anavua viatu!"

"Legeza taya," alisema Ukuta. "Usiume meno. Usimwangalie machoni, mwangalie katikati ya nyusi. Halafu tafuta kazi ya kufanya kichwani. Mimi huwa nashona."

"Mimi sijui kushona."

"Basi fungua jokofu. Anza na skrubu za nyuma."

Fundi alijaribu. Alilegeza taya, kidevu kikaanza kutetemeka. Akakaza kidevu, nyusi zikapanda. Mtu huyu hajapata kuficha kitu maishani. Hata zawadi alikuwa akiitaja kabla hajaitoa. Sasa alihangaika na uso wake mwenyewe, sehemu hii ikitulia ile inamtoroka, na woga wote ulikuwa pale juu, wazi, mbele ya mkewe. Hapo ndipo uchungu ulipomfika Ukuta. Ulikuja wote kwa mkupuo, ukampiga kifuani, na kilio kikamtoka kabla hajajua ni chake.

"Hodi wenyewe! Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Shemeji alisimama mlangoni, machungwa mkononi, kicheko kikamwishia. "Shemeji? Kuna nini? Kaka, analia nini?"

Fundi aliangalia katikati ya nyusi za mdogo wake. Taya ilikuwa imelegea vizuri kabisa.

"Karani ndiye muuaji," alisema, akinyooshea kidole televisheni. "Shemeji yako hakutegemea."

Mdogo mtu alishusha pumzi. Akacheka, akasema watu wazima mnalilia televisheni, akaenda jikoni kutafuta kisu cha kumenyea machungwa.