Ukuta Unaloweshwa Kwanza

Asubuhi moja huku Jette, Brussels, nilikuwa nafungua ukuta wa nyumba kuukuu. Zamani zilikuwa nyumba tatu ndogo za vibarua, mtu akaziunganisha zikawa moja. Nguzo za mwaloni, vigingi vya mbao badala ya misumari, na kati ya nguzo udongo uliochanganywa na majani makavu. Madame mwenye nyumba aliniona nikiumwagia ukuta maji.

"Kwa nini usiupige nyundo tu?"

"Ukilowa haupigi kelele, Madame."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Nyumba kama hiyo huku wanaiita urithi. Kwetu Kadutu, Bukavu, waliiita nyumba ya maskini. Ala! Udongo ni uleule. Yetu aliijenga papa, ikashikana ukuta na ya jirani. Miti ya ukuta aliipanga karibu karibu, akajisifu kwamba hata tetemeko halitaitikisa.

Siku vita ilipopanda mtaani, maman alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Askari waliingia nyumba kwa nyumba, wakiua. Sisi tulikuwa na mlango mmoja tu, nao ulitazama barabara. Wa jirani ulitazama bondeni, na jirani alishakimbia.

Papa alimwaga maji yote ya kunywa kwenye ukuta wa upande wa jirani.

Tukakwangua kwa vijiko. Kimya. Udongo ukaanguka laini, kisu kikakata matete yaliyoushika.

Maman akapita. Wadogo zangu wanne wakapita. Nikapita.

Mabega ya papa yakakwama.

Nilishika panga nikate mti mmoja. Akanizuia mkono.

"Watasikia, mutoto yangu. Enda na mama yako."

"Na wewe, papa?"

"Hii miti nilipanga mie mwenyewe. Enda, nimesema!"

Tulipokuwa tunashuka bondeni nilisikia mlango wetu ukifunguliwa, na sauti yake ikiwagombeza askari: "Mupanguse kwanza viatu! Hii ni nyumba ya watu!"

Kisha risasi.

Maman sasa amezeekea huku Koekelberg, na mimi bado namkasirikia papa kwa ile miti. Angeacha nafasi ya kiganja kimoja zaidi, leo angekuwa ananisumbua kwenye simu. Inauma, sitadanganya. Lakini wale askari wasije wakajisifu mbele yangu. Walikuja kutafuta watu saba. Walipata mmoja, na huyo aliwafungulia mlango mwenyewe.