Laini Yangu ya Kenya

Nichekeni, ila mnisikilize. Sisi wa Sirari, mpakani, simu zetu zina laini mbili, ya Tanzania na ya Kenya. Chuoni hakuna aliyeijua ile yangu ya Kenya, ndiyo nikaitumia kumtesa Bhoke, tunayesoma naye darasa moja. Kila siku nilimtumia picha ya siku aliyolia akiwasilisha kazi mbele yetu, na maneno ya kumdhihaki. Halafu, mjanja mimi, kwa laini ya Tanzania nilimtumia pole.

Bhoke akaacha kuja darasani. Baadaye akaandika kwenye grupu letu kwamba namba ile anaipeleka polisi. Tangu hapo kila simu ilipoita niliangalia kwanza ni namba ya nani.

Likizo nikarudi nyumbani. Jumamosi nikasikia sauti yake mlangoni, ametoka kwao Kemambo, wilaya yetu hiyo hiyo.

"Shikamoo mama. Ghati yupo?"

Nilijificha nyuma ya pazia la chumbani, simu nimeikumbatia kifuani, nikamwashiria mama aseme sipo.

"Marahaba. Ametoka, mwanangu. Kuna nini?"

"Nimekuja kumshukuru tu. Chuo kizima ni yeye peke yake aliyenipa moyo."

Nikashusha pumzi. Mama naye akaingiwa na huruma.

"Basi mpigie. Ile ya Tanzania hapa haishiki vizuri, piga ya Kenya. Andika, nikutajie."

Mama yangu, anayesahau hata chumvi mbogani, akaitaja namba yote bila kukosea.

"Mama," Bhoke akasema taratibu, "mbona hii namba ninayo?"

Simu ikaita kifuani kwangu.