Nilitangaza Jeneza, Watu Wakaja na Turubai

Nimewahi kukaa kwenye msiba wangu mwenyewe, nimevua kofia, machozi yananitoka, na sijui kama marehemu ni mimi.

Usicheke kwanza. Nisikilize.

Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda, makabati, meza za kulia, na mtu akifiwa, jeneza pia natengeneza. Karakana yangu iko nyuma ya kituo cha mafuta. Ukipita barabarani huioni, unasikia tu msumeno.

Sasa biashara ilikuwa imelala fofofo. Miezi mitatu mfululizo kazi yangu ilikuwa kugongelea miguu ya viti vya watu.

Ng'ambo ya barabara kuna fundi mwenzangu, tunamwita Randa. Yeye kila siku anapakia vitanda kwenye gari. Na nikisema ukweli wa moyoni, Randa hanifikii kwa kazi ya mikono. Ila alikuwa na vitu viwili ambavyo mimi sikuwa navyo: simu nzuri na mdomo.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anauza mafuta ya ngozi kwa simu. Hana duka wala meza. Anakaa kitandani, anajipaka mafuta mbele ya kamera, jioni anafunga mizigo ya wateja.

Siku moja akanikuta karakana nimekaa juu ya ubao nahesabu nzi. Akakaa na mimi, akanifungulia akaunti kwenye ule mtandao wa video, akanifundisha kurekodi, kuweka wimbo, kuandika maneno ya chini na kuposti.

Kitu alichosisitiza sana ni hiki: "Mjomba, watu hawanunui kitu, wanamnunua mtu anayekitumia. Usiwaonyeshe kabati. Waonyeshe wewe na kabati."

Nikashika.

Nikajirekodi nimekaa mezani nakula. Nikajirekodi nimelala kitandani. Nikajirekodi naingia kabatini na kufunga mlango, ili watu waone upana. Video hiyo ilipata laiki nne, na moja ilikuwa ya mpwa wangu.

Sasa hapo karakana nilikuwa na jeneza moja. Familia fulani iliagiza, mgonjwa wao alikuwa amekatiwa tamaa hospitalini. Nikalipiga msasa, nikalipaka vanishi, likang'aa mpaka unajiona ndani. Siku ya kulichukua wakanipigia kwamba mgonjwa ameamka na ameomba uji.

Nilifurahi kwa ajili yao. Kweli kabisa.

Lakini jeneza likabaki kwangu. Na mimi tayari nina somo kichwani: mtu anayekitumia.

Unaona tunakoelekea.

Asubuhi ile nilitoa suti yangu ya harusi, nikaivaa, nikaegesha simu kwenye rundo la mbao, nikalala ndani ya jeneza. Macho niliyafumba kwa sababu bati la paa lina tundu na jua lilikuwa linanipiga usoni. Mikono niliiweka kifuani kwa sababu hakuna pa kuiweka kwingine. Jaribu siku moja utaniambia.

Wimbo nilichagua wa taratibu. Nikaona biashara ya namna hii si ya kuchezesha watu.

Halafu maneno ya chini. Nilitaka watu wajue kwamba hata mtu mrefu kama mimi anatosha humo, waje asubuhi, na wapige simu kwa mke wangu maana yeye ndiye anapokea oda. Mimi kuandika kwenye kile kioo ni mateso, vidole vyangu ni vya kushika nyundo. Nikafupisha.

Nikaandika: "Fundi wenu amelala. Njooni mapema. Mawasiliano yote ni kwa mke wake."

Nikaweka namba. Nikaposti.

Betri ikakata pale pale. Mtaa wetu haukuwa na umeme siku ile, nikaiacha simu kituo cha mafuta waichaji kwenye jenereta lao. Nikavua suti, nikachukua futi kamba, nikaenda upande wa pili wa mji kwa mama mmoja kupima jiko lake la kuwekewa makabati. Huko nikashinda.

Saa kumi jioni narudi nyumbani kwa miguu. Nakata kona, naona turubai.

Sisi tunakaa nyumba moja wapangaji watano, ua mmoja, geti moja. Kuna mimi, na mlango unaotazamana na wangu anakaa fundi bomba. Huyo fundi bomba wiki nzima alikuwa anaumwa tumbo.

Getini amesimama mtu simjui. Nikamuuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

"Fundi," akasema.

Nikajua ni fundi bomba. Nikamuuliza kama alikuwa anamfahamu.

Akatikisa kichwa kwa uchungu. Akaniambia alikuwa mtu wa watu, wamekula pamoja, wamelala pamoja, walikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Nikajisemea, kumbe fundi bomba alikuwa na rafiki wa hivi na hajawahi kumleta nyumbani.

Nikapewa kiti cha mwisho kabisa. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa. Nikaanza kumkumbuka yule bwana. Ngazi yake iko kwangu tangu mwaka juzi. Asubuhi ile ile nilimpita mlangoni akiwa ameshika tumbo, sikumsalimia kwa sababu ya haraka ya kwenda kuigiza kwenye jeneza.

Nikalia. Nikalia kweli. Mzee aliyekaa jirani yangu akanishika bega, akanipa leso bila kunitazama, akaniambia nijikaze, ndiyo safari ya wote.

Nikiwa katikati ya leso, fundi bomba akapita mbele yangu amebeba viti vinne.

Nikamtazama. Ni yeye. Anatembea vizuri tu, tumbo limepona.

Kabla sijajua niwaze nini, akasimama Randa. Alikuwa amevaa miwani nyeusi, sauti imekauka. Akasema amempoteza mwenzake, kwamba katika mji huu wote hakukuwa na seremala wa kumfikia marehemu, na kwamba mara nyingi alivuka barabara kwa siri usiku wa sikukuu kwenda kuchungulia dirishani marehemu anaungaje droo zake.

Mimi nilitikisa kichwa kumuunga mkono. Bado sijashtuka.

Halafu akasema, "Jeneza nitamtengenezea mimi. Lile aliloonekana nalo kwenye simu halifai. Viungo vyake vimeachia."

Hapo akili ikarudi yote kwa mpigo. Jeneza. Simu. Amelala.

Mtu mwenye busara angesimama akasema jamani niko hai.

Mimi nilisimama nikasema, "Viungo vipi vimeachia?"

Ua mzima ukageuka.

Mzee aliyenipa leso akaichukua taratibu mkononi mwangu na kusogeza kiti. Yule ndugu yangu wa tumbo moja wa getini akauliza huyu ni nani.

Randa akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu kweli, hakuwa anaigiza. Akasema kwa sauti ndogo, "Cha upande wa miguu, kushoto. Kinaonekana."

"Hicho si kiungo," nikamwambia. "Ni mchirizi wa vanishi."

Mke wangu akatoka ndani. Yeye ni mwalimu wa chekechea. Alikuwa darasani na watoto wakati simu zilipoanza, watu ishirini wasiojuana wanampa pole ile ile, na yangu ukiipiga imezimwa. Alikuja mpaka nilipo, akanishika sikio kama anavyowashika wale watoto wake, akalipinda kidogo.

Nikasema aah.

"Ni yeye," akawaambia watu. Kisha akanilalia begani, akanipiga ngumi moja ya mgongo ambayo mpaka leo naisikia mvua ikinyesha.

Basi msiba ukaisha pale nyumbani. Watu wakanywa chai, wakatoa viti vyao. Wengine walichukia waziwazi, maana walikuwa wameomba ruhusa kazini.

Lakini mtandaoni ndiyo kwanza umeanza.

Nilipochukua simu yangu kituo cha mafuta nikakuta video ina watazamaji maelfu kwa maelfu. Kulikuwa na kikundi cha kupanga mazishi yangu, kimefunguliwa na mteja wangu wa zamani aliyehamia mji mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeunganishwa humo, pengine kwa heshima.

Nikaandika: "Ndugu zangu, mimi niko hai. Ilikuwa ni tangazo la biashara."

Dakika haikuisha. Mwenyekiti akajibu kwamba huu si wakati wa mzaha, familia ina majonzi, na aliyeshika simu ya marehemu aone aibu. Akaniondoa kwenye kikundi.

Nikaingia laivu. Nikawapungia mkono, nikataja tarehe na saa, nikabisha hodi kwenye ubao. Komenti zikamiminika: hii ni ya zamani. Alikuwa mcheshi jamani. Tazama alivyokuwa na afya. Mmoja akaandika, "Anaongea kama anajua anaondoka."

Na wakaanza kuripoti akaunti, kwamba kuna mhuni anaitumia. Kulipokucha mtandao ukanifungia nisiingie, video zikabaki, ukaweka utepe juu: Tunamkumbuka. Nikajaza fomu ya kuomba irudishwe. Wakanijibu kwa adabu kubwa kwamba kwa mabadiliko yoyote niambatanishe cheti cha kifo.

Siku ya pili asubuhi, wakati nakunywa chai, kaka yangu akaingia getini.

Ngoja niseme kuhusu kaka. Tulikuwa hatujasemeshana miaka tisa. Baba alipofariki aliacha sanduku lake la vifaa vya useremala, na kaka, ambaye ni mhasibu na hajawahi kupigilia hata msumari, akalichukua. Nilimwambia maneno mabaya. Naye akanijibu mabaya zaidi. Basi.

Sasa amesimama uani kwangu, shati limejaa vumbi la safari, na mkononi ana lile sanduku.

Akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndala.

"Kwa hiyo hujafa."

"Sijafa, kaka."

"Na hili nimelipakata kwa muda wa saa saba kwenye basi. Nilitaka uzikwe nalo."

Niliweka kikombe chini. Nikamwambia basi aniachie.

Akafikiri. "Si hujafa," akasema.

Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, yeye akafuata, na katikati ya kicheko nikaona analia, akageukia ukutani akajifanya anakagua rangi. Alikaa kwetu siku tatu. Aliondoka na sanduku lake. Ila patasi ya baba aliisahau kwenye meza yangu ya kazi, imefungwa kwenye gazeti, imenolewa. Na kaka yangu ni mtu ambaye hajawahi kusahau kitu maishani mwake.

Nikadhani hadithi imeishia hapo. Nikafungua karakana, nikakubali kwamba mambo ya simu si yangu.

Wiki ile ile wateja wakaanza kuja.

Wanatafuta karakana ya marehemu. Wameona zile video zote kwenye akaunti: ya meza, ya kitanda, ya kabati, ile ya laiki nne sasa imetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa mji wetu. Wanauliza kama kuna aliyerithi kazi. Mwanzoni nilikuwa naeleza kisa kizima, wanaguna, wanarudi barabarani wakijua wamekutana na tapeli. Nikachoka. Sasa akija mtu akaniuliza kama mimi ni mdogo wake, nanyamaza.

Kunyamaza si kudanganya. Nadhani.

Oda ninazo mpaka nimemwajiri Randa. Ndiyo, Randa huyo huyo. Anaunga droo vizuri sasa.

Juzi akaja mama mmoja kuchukua kitanda alichoagiza. Kitanda nilichokitengeneza kwa patasi ya baba, kazi ambayo naweza kuapa sijawahi kufanya nzuri kama hiyo. Akakizunguka. Akapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani. Kisha akatoa simu, akafungua video yangu ya zamani, akalinganisha.

Akanitazama kwa huruma.

"Unajitahidi," akaniambia. "Usikate tamaa. Lakini marehemu alikuwa na mkono bwana."

Randa alitoka nje akaenda kucheka karibu na barabara. Mimi nilisema asante.

Na nikuambie kitu, iliniuma. Nimekaa karakana ile miaka kumi na minne. Hakuna mtu, hata mmoja, aliyewahi kusimama akaniambia nina mkono. Mpaka nilipolala na suti.

Kwa hiyo wewe mwenye biashara ndogo unayesoma hapa, posti, usiogope, simu inalipa. Ila soma maneno yako mara mbili kabla ya kubonyeza, na ukishaposti usiache simu ikazimika.

Na wewe ambaye si mfanyabiashara: una fundi wako, una mshonaji, una mtu anakunyoa vizuri kila mwezi. Kesho ukipita mwambie kazi yake ni nzuri. Mwambie angali anasikia, maana mimi sifa zangu nilizisikia kwa bahati tu, nimekaa kiti cha mwisho, nikidhani zinamhusu fundi bomba.