Kuku wa zawadi ambaye Sekela hakumbeba

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu bado umeyafunika mashamba ya migomba ya Masoko. Sekela Mwakilasa anasukuma baiskeli yake kupanda njia yenye utelezi. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeikumbatia chupa ya chai.

Ndani ya chupa hiyo hamna chai. Mna barafu aliyoinunua jana jioni kwa muuza soda wa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, na katikati ya barafu kuna kichupa kidogo cha chanjo ya kideri.

Ameamka mapema ili awahi kuku kabla hawajafunguliwa.

“Kuku akishatoka nje, unatibu miguu yako mwenyewe,” anasema, na anacheka kabla msikilizaji wake hajaelewa.

Kideri ndiyo adui yake. Ugonjwa huo ukiingia kijijini, kuku huanza kusinzia, shingo zinapinda, na baada ya siku chache mabanda yanabaki na manyoya tu. Mwezi huu wa Septemba 1998 ugonjwa umeshafika Matwebe. Kutoka huko hadi hapa Masoko si mbali kwa mtu aliyebeba kuku kwapani.

Sekela, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, hakusomea kuku. Alikuwa mtumishi wa idara ya mifugo, kazi yake ikiwa kusimamia josho la ng'ombe. Serikali ilipoanza kupunguza watumishi na dawa za josho zikaachwa mikononi mwa wafanyabiashara, naye alipunguzwa. Josho lilikauka. Hadi leo limejaa majani, na vyura wamelifanya kwao.

Alirudi mjini na kufungua kibanda cha dawa za mifugo. Wenye ng'ombe walikuja wakauliza bei, wakashukuru, wakaondoka. Waliorudi walikuwa akina mama, kila mmoja na kuku wake ndani ya kikapu.

“Ng'ombe ni wa baba, kahawa ni ya baba,” anasema. “Kuku ndiye wa mama. Mtoto akiumwa usiku, mama haamshi mtu kuomba ruhusa ya kuuza kuku.”

Mumewe Ambindwile, fundi mwashi, hakufurahia mabadiliko hayo kwa haraka. “Nilioa daktari wa ng'ombe,” alikuwa akiwaambia rafiki zake kilabuni, “sasa nimebaki na daktari wa kuku.” Siku hizi hasemi hivyo. Mwaka jana ada ya mtoto wao wa kwanza, Tuntufye, ililipwa na matone ya chanjo anayodondosha machoni mwa kuku, kwa shilingi ishirini kila kuku.

Na si kuku peke yao. Sekela amewahi kutibu njiwa walioharisha, simbilisi wa watoto wa shule waliobabuka ngozi, na kasuku mmoja, pengine wa pekee katika Rungwe nzima. Kasuku huyo ni wa Mzee Jairo, mstaafu wa kiwanda cha chai, aliyepewa na bosi wake aliyekuwa akirudi kwao. Ndege alikuwa akijinyonyoa manyoya kifuani mpaka ngozi ikabaki tupu.

“Sikuwa nimemgusa kasuku maishani mwangu,” Sekela anakiri. “Nilimkagua, sikuona viroboto wala kidonda. Nikamuuliza mzee, huyu anakaa na nani? Akasema, anakaa peke yake chumbani, maana mama aliyekuwa akizungumza naye alifariki Pasaka. Nikamwambia, basi mtoe barazani, mpe mapapai, ongea naye. Mzee akaniambia, niongee naye nini? Nikamwambia, mweleze habari za mama.”

Manyoya yaliota. Wapita njia wanasema mzee huyo sasa hanyamazi.

Asubuhi hii, hata hivyo, hakuna kasuku. Kuna mlango mmoja uliofungwa, na mlango huo unaweza kuharibu kila kitu.

Ni mlango wa Bibi Ikupa. Nyumba yake iko katikati ya kitongoji, na kuku wake huchakura kwenye mashamba ya majirani wote. Yeye ni mkubwa wa akina mama wa hapa. Akitikisa kichwa, majirani wanatikisa. Tangu mwaka jana, Sekela akija kuchanja, Bibi Ikupa haamki, na mama mmoja baada ya mwingine naye hugundua kwamba kuku wake wazima tu, hawana haja na dawa.

Sababu ni kuku mmoja wa zawadi.

Mwaka jana bata mzinga wa bibi huyo alivunjika mguu, na Sekela akamfunga gango la mwanzi. Bata alipona. Siku Sekela alipopita kumwona, Bibi Ikupa alikuwa na wageni, wakwe zake kutoka Matwebe. Alimkamata tetea mwekundu, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akamkabidhi Sekela kwa mikono miwili mbele yao wote.

Mnyakyusa hamwachi mgeni wa heshima aondoke mikono mitupu, na kuku hai ndiye shukrani yenyewe. Mgeni naye hapaswi kukataa. Sekela, Mnyakyusa wa kuzaliwa, analijua hilo tangu utotoni. Alikataa.

“Nilikuwa naelekea nyumba nyingine nane,” anaeleza, na sauti yake inashuka. “Kideri haiji na upepo kama wanavyodhani. Inakuja na kuku wa zawadi. Unampokea huku, unamfunga kwenye baiskeli, unaingia naye kwa watu. Mimi ninayechanja ndiye ningekuwa msambazaji. Lakini namna ya kusema nilikosea. Nilisema ‘simtaki’, mbele ya wakwe zake.”

Bibi Ikupa alikata kamba, akamwachia tetea, akaingia ndani.

Sasa Sekela ameegesha baiskeli kwenye mgomba mbele ya nyumba hiyo. Majirani wamesimama barazani kwao, khanga mabegani kwa sababu ya baridi, wakijifanya wanafagia. Kichupa bado hakijafunguliwa. Kimoja kinatosha kuku mia mbili, lakini kikishachanganywa na maji hudumu saa mbili tu. Akikifungua kwa nyumba tatu, kinachobaki anamwaga, na kideri itapata kitongoji kizima cha kula.

“Mugonile, juba,” anasalimia kwa Kinyakyusa, yaani umelalaje, mama, kwa heshima anayompa mama yake mzazi.

Jogoo anawika ndani.

“Mugonile, juba.”

Mlango unafunguka kiasi cha kutoa uso. Bibi Ikupa ni mwembamba, amejifunga shuka mbili, na macho yake hayajasinzia hata kidogo.

“Dokta,” anasema, kwa namna ambayo neno hilo halijawahi kuwa dogo hivyo. “Umeludi.”

“Nimerudi, juba. Nimekuja kumpokea kuku wangu.”

“Kuku gani? Si ulimkataa?”

“Nilikosea mdomo, juba. Sikuukataa mkono wako. Nilimwogopa kuku kwa sababu ya wale ninaokwenda kwao. Mbele ya wakwe zako nilikuaibisha, na nimekuja mbele ya hawa majirani zako kukuomba radhi.” Sekela anapiga goti kwenye matope bila kujali suruali yake. “Kama yule alishaliwa, nipe mwingine. Nitampokea kwa mikono miwili. Lakini naomba nisimbebe. Naomba unifugie hapa hapa.”

Fagio zote zimesimama.

Bibi Ikupa anafungua mlango wote, anaingia jikoni, ambako kuku hulala chini ya rafu ya kuni, na anatoka na tetea mwekundu mikononi. Ni mnene, na mguuni ana kitambaa cheupe kilichochakaa.

“Alishaliwa na nani?” anauliza. “Mimi nikishatoa nimetoa. Nitakula kitu cha mtu?”

Sekela anakigusa kile kitambaa. Mwandishi wa makala haya, aliyesimama pembeni na kalamu yake, anaandika: kitambaa cheupe.

“Nilikasilika,” bibi anaendelea. “Nilikasilika sana. Lakini kuku ni wako. Ametotoa mala mbili. Wenye vitambaa vyeupe wote ni wako, wako kumi na mmoja. Mwewe alichukua wawili, hao usinidai.”

“Juba, naomba basi wabaki hapa.”

“Walikuwa wanakaa wapi siku zote?”

Mmoja wa majirani anashindwa kujizuia na anacheka kwa sauti. Bibi Ikupa hacheki, lakini anavuta kigoda na kukaa, tetea mapajani, kichwa cha kuku amekigeuza ili jicho lielekee juu. Anajua kabisa jinsi inavyofanywa. Kumbe alikuwa akichungulia.

Sekela anafungua kichupa. Anachanganya na maji yaliyochemshwa na kupoa, anavuta kwa kitone, kimrija cha kudondoshea dawa, na kudondosha tone moja jichoni mwa tetea wake mwenyewe. Tetea anapepesa.

“Akipepesa, imeingia,” anasema.

“Wangu nitawalipia,” anasema Bibi Ikupa. “Wako ulipie mwenyewe.”

Hapo hata bibi mwenyewe anacheka. Na akina mama wanaanza kuja, mmoja na kikapu, mwingine na kuku wawili kwapani, na mama mmoja aliyedai mara tatu kwamba kuku wake hawaumwi anawaleta kumi na sita. Kabla saa mbili hazijatimia, kichupa kiko tupu.

Njiani kurudi, Sekela anasukuma baiskeli isiyo na kitu isipokuwa mkungu wa ndizi ambao bibi huyo aliufunga nyuma bila kuuliza. Anasema ana mpango wa kununua jokofu la mafuta ya taa, aache kubembeleza barafu kwa muuza soda. Hilo litachukua muda. La pili ataanza nalo kesho, huko Matwebe, kwenye nyumba ambazo kideri bado haijafika.

“Kila atakayenipa kuku nitampokea,” anasema, “nitamfunga kitambaa, halafu nitamwacha kwa mwenyewe. Wakati wa chanjo, nani atanifungia mlango na kuku wangu wamo ndani? Nataka niwe na kuku kila nyumba ya Rungwe, na nisimbebe hata mmoja.”